Mwaka 1991 mimi nabaki na Innuendo ya Queen

(Haya ni maongezi niliyoyatoa kwenye jioni yetu ya kusikiliza rock hapa Dar. Nimeyaandika karibu kama nilivyoongea, nimetoa tu sehemu mlizokuwa mnanizomea.)

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, najua hamjanisalimia ila natanguliza. Wa rika langu, mambo?

Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa 1991, ingawa namjua vizuri na najua alichokuwa anakitafuta, anataka tugombane humu mpaka wenye ukumbi waje kutuzimia taa. Utaratibu mnaujua, unapewa mwaka mmoja, unachagua albamu moja ya rock, unasimama mbele za watu unaitetea, halafu tunaisikiliza wote bila kuongea. Albamu moja tu, hakuna mshindi wa pili, hakuna "na hizi pia zilikuwa kali". Aliyeweka hiyo sheria sijui alikuwa anawaza nini, maana kwa mwaka kama 1991 ni uonevu mtupu.

Mliozaliwa baadaye ngoja niwape picha. Mwaka huo hapa kwetu habari ya mjini ilikuwa Tume ya Nyalali, Mzee Ruksa kaiunda ipite kuuliza watu kama tunataka chama kimoja au vingi, televisheni Bara hatuna, redio ni RTD basi, na kwenye baa ni Zaire tupu, kina Pepe Kalle na Kanda Bongo Man. Wapenzi wa rock tulikuwa wachache na tulikuwa tunaangaliwa kama tuna matatizo fulani hivi. Huko Ulaya na Marekani sasa ndo mambo yalikuwa yanafumuka. Machi R.E.M. wanatoa Out of Time, ile yenye mandolini iliyopigwa kila kona ya dunia, Agosti 12 Metallica wanatoa ile ya kava jeusi waliyotengeneza na Bob Rock, wiki mbili mbele Pearl Jam wanatoa Ten, Septemba 17 Guns N' Roses wanaachia albamu mbili siku moja, Use Your Illusion ya kwanza na ya pili, na zikaingia kwenye chati ya Marekani ya pili ikiwa namba moja na ya kwanza namba mbili, yaani jamaa walikuwa wanajishinda wenyewe. Wiki moja baadaye, Septemba 24, siku hiyo hiyo moja, Nirvana na Nevermind, Red Hot Chili Peppers na Blood Sugar Sex Magik. Oktoba Soundgarden na Badmotorfinger. Novemba My Bloody Valentine na Loveless, U2 na Achtung Baby. Mtu ukiugua malaria wiki mbili ukiamka umepitwa na historia.

Na kuna kitu kimoja watu hawakitaji sana ila mimi naona ndo kilichowasha moto. Tarehe 25 Mei mwaka huo jarida la Billboard lilibadilisha namna ya kuhesabu mauzo ya albamu. Kabla ya hapo walikuwa wanawauliza wenye maduka, bwana wiki hii kipi kinatoka, na mwenye duka anajibu anavyokumbuka, au anavyojisikia, au kutegemea kampuni gani imemchangamkia siku za karibuni. Mnajua biashara zilivyo. Kuanzia Mei wakaanza kutumia mfumo unaitwa SoundScan, mashine inasoma ile mistari myeusi kwenye kava wakati unalipa, na namba zinaenda zenyewe. Ghafla ikaonekana kumbe Wamarekani wananunua rap kwa wingi, wananunua kantri, wananunua magitaa mazito, vitu ambavyo wenye maduka walikuwa wanavisahau sahau. Kwa hiyo ukiona Metallica wanaingia moja kwa moja namba moja Agosti, usiseme tu dunia ilibadilika ladha. Ladha ilikuwepo, hesabu ndo ilikuwa ya uongo.

Nevermind yenyewe kampuni haikuitegemea. Walisambaza nakala kama elfu 46 tu mwanzoni kwa Marekani nzima, nchi ile ilivyo kubwa, na Januari 1992 ikaitoa Dangerous ya Michael Jackson kwenye namba moja. Michael Jackson! Katolewa na watu watatu wenye masweta yaliyochakaa. Hilo tukio hata kama huipendi Nirvana lazima uvue kofia.

Kwa hiyo najua mnasubiri niseme Nevermind halafu tukale. Sisemi.

(Hapa mlizomea.)

Sikilizeni. Mwenyekiti hakuniuliza albamu gani ilibadilisha dunia mwaka 1991. Angeniuliza hivyo ningejibu Nevermind nikakaa chini, hakuna mjadala. Kaniuliza ipi naipenda. Na mimi albamu ninayoipenda ni ile naweza kuiweka nikiwa kwenye foleni ya Ubungo saa moja na nusu, ikapita yote mwanzo mwisho, na ngoma zake mbovu zikapita humo humo bila mimi kugusa kitu. Kwa 1991 hiyo ni moja, Innuendo ya Queen, iliyotoka mwanzoni kabisa mwa Februari, kabla hao wengine wote hawajaamka.

Angalieni nilizozitaja. Karibu zote ni za watu wanaoanza, au watu waliochoka walivyo wakataka kuzaliwa upya kama U2 walivyokwenda kujifungia Berlin kwenye studio za Hansa. Mwaka mzima unanukia rangi mpya. Halafu katikati kuna albamu moja ya watu wanaomaliza, wanajua wanamaliza, na hiyo ndo ina utani mwingi kuliko hizo zingine zote ukizijumlisha. Hicho ndo kinanirudisha kwenye Innuendo kila mara.

Nasikia kuna mtu kule nyuma kasema "ni kwa sababu ni Mzanzibari". Nilijua litakuja, tulimalize. Ndiyo, Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, Mparsi, mzee wake alikuwa keshia wa serikali ya Kiingereza. Utotoni kapelekwa bweni India kule Panchgani, karudi Unguja kijana, Mapinduzi ya 1964 yakatokea familia ikahamia Uingereza, na stori ya Zanzibar ikaishia hapo. Leo ukipita Shangani unakuta watalii wanapiga selfi mlangoni kwenye picha zake, na wakubwa mnakumbuka 2006 ile sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilivyopingwa na jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho mpaka magazeti ya nje yakaandika. Yote hayo yapo. Lakini ndani ya albamu hii jamani Zanzibar haimo hata nusu mstari, na mwenyewe enzi za uhai wake alikuwa haizungumzii kivile. Kitu pekee kilichokaribia huku ni wimbo wa saba, All God's People, ambao aliuanza na mpiga kinanda Mike Moran wakati wa ile albamu yake ya Barcelona na mwanzoni uliitwa Africa by Night. Ukiusikiliza sasa ni gospo, ni sauti ya mtu mmoja kajirekodi mara nyingi mpaka ikawa kwaya nzima. Afrika ilibaki kwenye lile jina walilolifuta. Kwa hiyo mimi hapa sipigi kura ya ukanda.

Kanda yangu niliirekodisha Kariakoo, mwaka huo huo, kwenye moja ya vile viduka vya kurekodi vilivyokuwa na madeki mawili na orodha imebandikwa ukutani kwa kalamu. Wadogo hamtaelewa raha yake. Unaleta kanda yako tupu au unanunua pale pale, unachagua, unaambiwa njoo kesho jioni. Mimi nilinunua TDK ya dakika 60, na hapo bahati ikaniangukia, maana Innuendo ni dakika kama 54, nyimbo 12, na ukizigawa sita kwa sita zinakaa kwenye TDK ya 60 kama zimepimwa na fundi. Jamaa alikuwa na CD, sijui kaipataje, na hilo nalo ni jambo, kwa sababu walionunua sahani ya santuri walipewa nyimbo zilizokatwa katwa ili zienee, sisi wa kanda ya magendo Kariakoo tukapata kitu kizima. Samahani kama kuna mtu wa hakimiliki humu ndani.

Sasa side B ikabaki na kama dakika nne tupu mwishoni, na wale jamaa wa viduka walikuwa hawaachi nafasi tupu, waliona ni dhambi kumrudishia mteja kanda yenye kimya. Akanijazia soukous. Kwa hiyo kwenye nakala yangu Freddie anamaliza wimbo wa mwisho kabisa, ule mzito, vinanda vinafifia, halafu paap gitaa la Zaire linaingia kwa fujo katikati ya wimbo kama mtu kapita mlango si wake. Mpaka leo nikisikiliza kwenye simu, albamu ikiisha masikio yangu yanasubiri lile gitaa.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Hawa watu wanne waliirekodi kati ya 1989 na 1990, London kwenye studio za Metropolis na Uswisi kule Montreux, studio za Mountain, ambazo zilikuwa mali yao wenyewe tangu 1979 na zilikuwa ndani ya jengo la kasino. Ndiyo, kasino ile, iliyojengwa upya baada ya kuungua 1971 Deep Purple wakiwa mjini, wakatungia Smoke on the Water, wimbo ambao kila anayejifunza gitaa anautesa. Freddie alikuwa ameshajua tangu 1987 kwamba ana virusi vya ukimwi. Hawajapiga shoo pamoja tangu Knebworth Agosti 1986. Kwa hiyo bendi ambayo maisha yao yote yalikuwa jukwaa, sasa haina jukwaa, ina chumba tu na mashine na mmoja wao anayedhoofika, na wanafanya kazi kwa vipindi, akiwa na nguvu wanarekodi akichoka wanapumzika.

Na kuna jambo la pesa hapa ambalo wanamuziki mliopo mtalielewa haraka. Miaka ya nyuma Queen walikuwa wanagombana vibaya kuhusu nani ameandika wimbo gani, kwa sababu mtunzi ndo anakula mirabaha. Roger Taylor, mpiga dramu, wimbo wake mmoja wa kuhusu gari uliwekwa upande wa pili wa Bohemian Rhapsody na akala hela sawa na Freddie, maana sahani ni moja ukinunua huu umenunua na ule. Mnaweza kupata picha ya kelele zilizokuwepo. Kuanzia albamu ya The Miracle ya 1989 wakaamua nyimbo zote ziandikwe zimetungwa na Queen, basi. Ukitaka kusikia uamuzi huo unasikikaje sikiliza Innuendo, hakuna mtu anayevutia kwake. Wimbo wa mwisho ulianza na kodi za muziki (chords) walizokuwa wanachezea mpiga besi John Deacon na Roger, mpiga gitaa Brian May akaziokota akajenga maneno na kila kitu, Freddie akaimba. Zamani huo ungekuwa ugomvi wa miezi miwili.

Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, ni dakika sita na nusu, na hawa watu waliutoa kama singo. Dakika sita na nusu! Na ukaingia namba moja Uingereza Januari 1991. Unaanza na dramu za mwendo wa paredi, taratibu, nzito, kama Led Zeppelin walivyofanya kwenye Kashmir na wenyewe hawakuficha kwamba wanawasalimia wale wakubwa. Unaenda hivyo unadhani umeshaujua. Halafu katikati kila kitu kinanyamaza na linaingia gitaa la Kihispania, vidole vitupu, makofi, kasi ya ajabu. Huyo ni Steve Howe wa bendi ya Yes. Alikuwa amepita Montreux akakutana na fundi wao mmoja waliyefahamiana zamani, akamwambia twende studio uwasalimie, kaenda, wamemsikilizisha, wakamwambia tunataka ucheze juu ya hapa kama kichaa wa Kihispania. Kacheza. Mtu alikwenda kula mchana karudi kaingia kwenye historia.

Lakini kinachonimaliza mimi ni kinachofuata. Baada ya hilo gitaa sauti ya Freddie inaingia laini kama mtu yuko ndotoni, inapanda inapanda, halafu Brian May anaichukua ile ile melodi ya Kihispania na kuirudia kwa gitaa la umeme, nzito, yenye kutu, noti zile zile. Sikilizeni hapo leo tafadhali, msiongee hapo. Kile kilichokuwa mapambo dakika moja iliyopita sasa kinakuja na buti. Halafu ile paredi inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Wimbo wa pili sasa, ndo utani unaanza. I'm Going Slightly Mad, mtu anaelezea anavyochanganyikiwa kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, ya adabu, kama mhudumu wa hoteli kubwa. Video yake ni ya rangi nyeusi na nyeupe, Freddie kajipaka poda kibao na wigi, kavaa viatu vyenye ncha ndefu kama ndizi, Brian kavaa kama pengwini, Roger anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu na birika linachemka juu ya kichwa. Sisi hatukuwa na pa kuiona wakati ule, nimekuja kuiona miaka mingi baadaye, na hapo ndo unagundua ile poda yote ilikuwa inaficha uso uliokonda. Machi 1991 mtazamaji anaona kichekesho, na kilikuwa kichekesho kweli, mtu mgonjwa kaamua kuchekesha.

Na kuna Delilah. Huu ni wimbo wa paka wake. Siyo fumbo, siyo mpenzi, ni paka wa nyumbani anaitwa Delilah, anamsifia na kumlaumu kwa kukojolea samani, na Brian May, mtu mwenye heshima zake, mwanafizikia, kabembelezwa atumie ule mrija wa mdomoni unaofanya gitaa liongee ili atoe sauti ya nyau. Nyau! Kuna rafiki zangu wa metali hapa hawajawahi kunisamehe wimbo huu. Mimi nauacha upite, maana mtu aliyebakiza miezi michache akaamua dakika tatu na nusu za albamu yake azipe paka, hiyo nayo ni kauli.

Sisemi kila kitu humu ni dhahabu. I Can't Live With You dramu zake ni za mashine na zinasikika hivyo, Ride the Wild Wind ni Roger na mapenzi yake ya magari tena, Headlong ni rock ya kawaida nzuri ya kuendeshea pikipiki. Ukilinganisha na Ten au Badmotorfinger ambazo hazina hata ngoma moja ya kujazia, Innuendo inapoteza kwa pointi. Nakubali. Hatuko kwenye ndondi.

Sasa Bijou. Huu ni wimbo wa 11 na wengi huwa wanauruka. Wamefanya kitu cha kugeuza, kwa kawaida mwimbaji anaimba beti na gitaa linapata sehemu yake katikati, sivyo? Hapa gitaa ndo linaimba beti. Linaanza peke yake juu ya kinanda kilichotulia, linaongea mstari mmoja mmoja, linapumua, na ukisikiliza vizuri Brian anazivuta noti mwishoni jinsi Freddie alivyokuwa anavuta maneno. Katikati Freddie anaingia, anaimba kidogo sana, anatoka. Gitaa linamalizia. Siku za kawaida nasema ni wazo zuri la kimuziki. Siku zingine nasema hawa jamaa walikuwa wanafanya mazoezi ya jinsi bendi itakavyokuwa yeye akiwa hayupo, na yeye mwenyewe yuko hapo chumbani anawasaidia kufanya hayo mazoezi. Sina ushahidi, ni masikio yangu tu.

Halafu The Show Must Go On. Brian kasimulia mara nyingi, aliurekodi mwenyewe wa majaribio kwa sauti nyembamba maana uko juu sana, akawa na wasiwasi kama Freddie ataweza, hali yake ilikuwa mbaya, hata kutembea ilikuwa shida. Freddie akamwambia atauimba, akapiga vodka funda moja, akaingia akauimba. Nimewahi kukutana na watu wanaosema stori hiyo imetiwa chumvi. Sawa, toeni chumvi yote mbaki na sauti peke yake, ile sehemu ya mwisho anapopanda, mnieleze inatoka wapi kwenye kifua cha mtu yule.

Singo yake ilitoka Oktoba 1991, video ikabidi iunganishwe kwa vipande vya zamani kwa sababu hakuwa anaweza tena kusimama mbele ya kamera. Video yake ya mwisho ilipigwa Mei, ya wimbo wa These Are the Days of Our Lives, na Brian hakuwepo siku hiyo alikuwa Marekani kwenye promosheni, vipande vyake wakaviingiza baadaye. Novemba 23 Freddie akatoa taarifa kwamba ana ukimwi. Novemba 24 jioni akafariki nyumbani kwake Kensington. Siku hiyo hiyo akafariki na Eric Carr, mpiga dramu wa Kiss, na karibu dunia nzima haikupata nafasi ya kumlilia yule mwingine, maskini.

Kuna waliomlaumu Uingereza kwamba alichelewa kusema. Mimi hilo nalisikia kwa sikio la mtu aliyekuwa kijana Afrika Mashariki miaka ile. Tunajua ilivyokuwa. Mtu anaumwa "homa", anakonda kwa "homa", anazikwa na "homa", na watu wazima msibani wanaangaliana. Mtaani wanasema kakanyaga waya, basi habari imeisha. Uganda Philly Lutaaya alijitangaza 1989, akazunguka kwenye mashule na makanisa akiongea na watu kwa mdomo wake, akafa Desemba mwaka huo huo, na ujasiri ule sijui wangapi humu tungeuweza, mimi nisingeuweza. Freddie alichagua njia nyingine, akanyamaza akafanya kazi. Na hakuacha hata baada ya Innuendo kutoka, alirudi Montreux akaendelea kurekodi mpaka Mei 1991, wimbo mmoja, Mother Love, ubeti wa mwisho hakuwahi kurudi kuuimba, ikabidi Brian auimbe mwenyewe, ukatoka kwenye albamu ya 1995.

Kwa hiyo angalieni kilichotokea kwa aliyeinunua Innuendo Februari. Kanda ni ile ile, noti ni zile zile, hakuna aliyeingia kubadilisha kitu, lakini kati ya Februari na Novemba ikawa albamu nyingine. Wimbo wa kichaa ukawa siyo wa kichaa tena. Wimbo wa kukumbuka siku za ujana ambao ungeweza kupigwa kwenye harusi ya wazee ukawa haupigiki. Nevermind ilibadilisha kila kitu nje yake, hiyo nakubali na kofia nimeshavua. Innuendo ilibadilishwa yenyewe, na mimi nilikuwa nayo mkononi wakati inabadilika.

Mwenyekiti ananionesha saa. Swali moja, haya, dada pale mbele.

(Dada kauliza: "Kaka, ukweli, angekuwa mzima mpaka leo, ungeichagua?")

Swali zuri na ni la kikatili. Nikujibu hivi dada yangu, ile kanda niliirekodisha kama mwezi wa sita. Ilipofika Novemba side A ilikuwa imeshaliwa na redio kaseti ya kaka yangu, imekunjamana, inaimba kama mtu yuko ndani ya pipa, kwa sababu nilikuwa nairudisha nyuma kusikiliza lile gitaa la Kihispania asubuhi, mchana na jioni. Hapo sikuwa na habari hata moja ya ugonjwa wa mtu.

Fundi, weka, na ukifika Bijou usiruke. Mwenye simu azime. Na wewe uliyepewa 1977, usidhani sijui unachotaka kuchagua, tutaonana.